Ardhi Isiyokubali Kukatwa Vipande: Safari ya Alcântara

Jumatatu, São Luís

Hapa Brazili, boti za kwenda Alcântara, ng'ambo ya ghuba, hufuata maji kuliko saa. Katika Ghuba ya São Marcos bahari hupanda na kushuka hadi kufikia mita saba hivi wakati wa bamvua, na maji yakipwa, gati la Praia Grande hubaki tope ambalo hata ngalawa haiwezi kuelea juu yake. Msafiri hutazama ubao wa saa za siku hiyo, akakata tiketi yake, akasubiri. Ni mwezi wa Agosti 2025, mvua zimekwisha na upepo umeshika, na wenyeji wananiambia kwamba mwezi huu ghuba huwa na mawimbi makali. Nimeutumia muda wa kusubiri kuipitia tena hukumu iliyonileta huku.

Tarehe 13 Machi mwaka huu, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika, yenye makao yake San José nchini Costa Rica, ilitangaza uamuzi dhidi ya Brazili katika shauri la jamii 171 za kilombo za Alcântara, jimbo la Maranhão. Kilombo, kwa maana inayotumiwa na sheria ya Brazili leo, ni jamii ya wazawa wa Waafrika waliotumikishwa utumwani, jamii inayojitambua yenyewe kuwa hivyo, yenye historia yake na eneo lake. Mahakama iliona kwamba dola la Brazili lilivunja haki ya jamii hizo ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, ikaamuru zipewe hati ya eneo la hekta 78,105. Malalamiko ya kwanza yalifikishwa mbele ya Kamisheni ya Haki za Binadamu ya mataifa hayo mwaka 2001, kwa hiyo wapo waliozaliwa mwaka ule ambao leo wana watoto wao.

Kilichonivuta zaidi katika shauri hili ni namna dai lenyewe lilivyojengwa. Watu wa Alcântara hawakuomba kila familia ipewe kiwanja chake. Waliomba eneo zima litambuliwe kuwa kitu kimoja, kuanzia pwani hadi bara, na wameshikilia hivyo hata pale ambapo kukubali vipande kungewapunguzia miaka ya kungoja. Nataka kuona kwa macho yangu ardhi inayofanya watu waamue hivyo.

Jumanne, mji wa Alcântara

Tumevuka kwa muda wa zaidi ya saa moja, boti ikipigwa ubavuni na mawimbi, abiria wakiwa wameshika magunia na watoto. Tulipokaribia upande wa pili, penye mikoko, kwarara wekundu walikuwa wametua makundi kwa makundi juu ya matawi. Kutoka bandarini njia ya mawe hupanda moja kwa moja hadi uwanja mkuu wa mji, na pale uwanjani imesimama nguzo ya mawe ambako watumwa walikuwa wakifungwa na kuchapwa hadharani. Nyuma yake kuna kuta za kanisa la São Matias lisilo na paa. Watalii hupiga picha hapo, nami sikuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya nguzo ile.

Utajiri uliojenga majumba haya, ambayo mengi sasa ni magofu, ulitokana na pamba. Mwaka 1755 Ureno iliunda kampuni ya biashara ya Grão-Pará na Maranhão, na meli zake zikaleta Waafrika kwa wingi, hasa kutoka Bissau na Cacheu katika pwani ya Guinea. Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kama wamo pia watu wa upande wetu. Meli zilizowabeba watu kutoka Msumbiji katika karne ya 19 zilielekea zaidi Rio de Janeiro, na mimi naona ni heshima kwa watu wa Alcântara kutowabandika ukoo ambao si wao ili tu safari yangu ipate utamu. Kilichonisaidia kuzungumza nao ni Kireno nilichojifunza nilipokuwa nikiishi Maputo.

Biashara ya pamba ilipoanguka katika karne ya 19, mabwana wa mashamba waliondoka. Hapa ndipo Alcântara inapotofautiana na historia ya Palmares, ile ngome maarufu ya watoro iliyokuwa Serra da Barriga katika jimbo la Alagoas la leo, ambayo kiongozi wake Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Walikuwapo watoro Alcântara pia, lakini sehemu kubwa ya jamii zake zilizaliwa pale ambapo bwana ndiye aliyetoroka, akawaacha watu waliokwisha kuijua kila chemchemi na kila bonde lenye udongo mzuri. Baadhi walirithishwa ardhi, baadhi walibaki kwenye mashamba ya mashirika ya watawa, na wengine waliendelea kulima walipokuwa wakilima, safari hii kwa faida yao wenyewe.

Sheria haikuwafuata. Sheria ya ardhi ya mwaka 1850 ilikuwa imeagiza kwamba ardhi ya serikali isipatikane ila kwa kununuliwa, na utumwa ulipofutwa tarehe 13 Mei 1888, walioachiwa huru hawakupewa shamba wala fidia. Ilibidi kusubiri karne nzima. Katiba ya mwaka 1988, katika kifungu cha 68 cha masharti yake ya mpito, ilitamka kwamba masalia ya jamii za vilombo wanaokalia ardhi zao ni wamiliki wake wa kudumu na kwamba dola lina wajibu wa kuwapa hati. Amri ya Rais namba 4,887 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka utaratibu, nayo ikapingwa mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoithibitisha Februari 2018.

Sensa ya mwaka 2022 ndiyo ya kwanza kuwahesabu watu wa vilombo. Walipatikana zaidi ya milioni 1.3 nchini kote, na kati yao asilimia 4.3 tu ndio waliokuwa wakiishi katika maeneo yenye hati. Alcântara ilikuwa na watu 18,466, na asilimia 84.6 kati yao walijitaja kuwa wa kilombo, kiwango kisichofikiwa na wilaya nyingine yoyote nchini.

Jumatano, Itamatatiua

Barabara ya kuelekea Itamatatiua hupita katikati ya michikichi ya babasu isiyo na mwisho. Kijiji hiki kinajulikana kwa ufinyanzi wa wanawake, na nilikaa asubuhi nzima katika karakana yao. Udongo huchimbwa jirani, hukandwa kwa mikono hadi mawe na mizizi yote itoke, kisha hukunjwa kuwa kamba nene zinazopandishwa duara juu ya duara, bila gurudumu. Mama aliyekuwa akinifundisha alisugua ubavu wa mtungi kwa kokoto laini ambayo, alisema, ilikuwa ya mama yake.

Itamatatiua ni ardhi ya mtakatifu. Ilikuwa mali ya watawa wa Karmeli, na walipoondoka, waliokuwa watumwa wao waliendelea kuishi humo wakisema mwenye shamba ni Mtakatifu Teresa wa Yesu. Wakazi wengi hubeba jina la ukoo "de Jesus", yaani jina la yule wanayemwona kuwa mwenye ardhi. Mtu wa mjini anaweza kudhani hii ni imani tu. Ukisikiliza vizuri unaona ni sheria ya ardhi iliyokamilika: kwa kuwa ardhi ni ya Mtakatifu, hakuna binadamu anayeweza kuiuza, anayelima anamiliki mavuno yake na kazi ya mikono yake, anayetaka kujenga huomba ruhusa kwa wanaoiangalia mali kwa niaba ya Mtakatifu. Alcântara ina ardhi za namna nyingi kama hizi, zikiitwa ardhi za watakatifu, ardhi za weusi, ardhi za maskini, kila moja na asili yake, zote zikikutana kwenye kanuni moja kwamba udongo hauingii sokoni.

Nilipomuuliza yule mama mpaka wa ardhi yao uko wapi, hakutaja namba yoyote. Alianza kutaja majina: kijito, mwembe mkubwa, kisima, makaburi ya wazee, kisha kijito kingine. Alikuwa anatembea kwa maneno, na kila alipofika penye tukio alisimama kulisimulia kabla ya kuendelea. Wataalamu waliofanya uchunguzi wa kianthropolojia kwa ajili ya shauri la Alcântara mwaka 2002 walikusanya kumbukumbu za namna hii kijiji kwa kijiji, na mwaka 2008 taasisi ya taifa ya ardhi, INCRA, ilipochapisha ripoti yake ya kulitambua na kuliwekea mipaka eneo hili, zile hekta 78,105 zilitoka kwenye msingi huo. Ni vigumu kwangu kuliona jambo hili kuwa dogo: simulizi za watu ambao wengi wao hawakupata shule zimegeuka kuwa ramani ambayo mahakama ya kimataifa imeikubali.

Alhamisi, agrovila

Hii ndiyo siku iliyonichosha moyo.

Alcântara iko kama nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa karibu na ikweta hupata msukumo zaidi kutokana na mzunguko wa dunia, hivyo hutumia mafuta kidogo, na ndiyo sababu hiyohiyo Waitalia walijenga jukwaa lao la San Marco karibu na Malindi nchini Kenya miaka ya 1960. Mwaka 1980, wakati wa utawala wa kijeshi, serikali ya jimbo la Maranhão ilitwaa hekta 52,000 kwa ajili ya kituo cha kurushia roketi, na kituo kikaanzishwa rasmi mwaka 1983. Mwaka 1991 eneo lililotwaliwa likaongezwa kufikia hekta 62,000. Kati ya mwaka 1986 na 1988 familia 312 zilihamishwa kutoka ufukweni na kupelekwa katika makazi saba yaliyopangwa na wanajeshi, yaitwayo agrovila: Marudá, Peru, Pepital, Só Assim, Cajueiro, Espera na Ponta Seca.

Nyumba zimepangwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Kipimo cha chini cha shamba la familia katika wilaya hii kilikuwa hekta 35. Kwa ajili ya uhamisho huu kilipunguzwa kwa amri ya Rais hadi hekta 15. Mzee aliyenikaribisha alinipeleka hadi mwisho wa shamba lake, safari fupi kabisa, akanionyesha udongo. Aliuchota, akaufungua mkononi: mchanga wa kijivu wenye vijiwe. Alieleza kwamba kilimo chao cha tangu zamani hutaka kulima kipande mwaka huu, kisha kukiacha kwa miaka mingi msitu urudi na udongo upate nguvu. Kwenye hekta 15 miaka ya kupumzisha haipatikani. Wanalima pale pale, na mihogo inazidi kuwa midogo.

Lakini alichokililia zaidi ni bahari. Kijiji alichozaliwa kilikuwa ufukweni, na mtoto aliweza kutumwa akalete kaa wakati maji ya kupikia yanachemka. Kutoka agrovila pwani ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, na njia ya mkato hupita katika eneo la kituo, ambako kwa miaka mingi walitakiwa kuwa na kibali ili wapite kwenda kuvua walikokuwa wakivua babu zao. Huko nyuma yako makaburi ya wazazi wake. Alitaja majina ya majirani wa kijiji kile mmoja mmoja, kwa mpangilio wa nyumba zilivyokuwa, kutoka kwenye mkono wa mto hadi kwenye kanisa, na mkewe akamrekebisha mara mbili.

Watoto wao walipokua na kuoa, hakukuwa na mahali pa kuwajengea. Makazi yalipimwa kwa ajili ya familia zilizokuwapo siku ya kuhamishwa, kana kwamba hazitazaa, na kwa kuwa hawakupewa hati, hata kipande walichopewa hawakukimiliki kisheria. Vijana wakaenda São Luís. Waliopanga mradi ule walihesabu nyumba, wakajenga nyumba, wakaona wamelipa deni. Sina shaka kwamba baadhi yao waliamini nyumba ya tofali ni bora kuliko ya udongo na makuti. Walichoking'oa hakikuwamo katika orodha yao ya vitu vya kufidia.

Kituo chenyewe nacho kimepata msiba wake. Tarehe 22 Agosti 2003 roketi ya VLS ililipuka kwenye jukwaa lake siku chache kabla ya kurushwa, na wafanyakazi 21 wakafa. Mzee alilikumbuka wingu la moshi, akanyamaza kidogo kwa ajili ya wale marehemu, kisha akaendelea na habari za mihogo.

Ijumaa na Jumamosi, Mamuna

Mamuna ni kijiji cha pwani ambacho hakikuhamishwa, ingawa kimeishi miaka yote hii kikisubiri kuambiwa kihame. Mwaka 2008 mitambo ya mradi wa pamoja wa Brazili na Ukraine ilianza kufungua njia katika mashamba yao, na wanakijiji wakaziba barabara kwa miili yao. Mradi ule ulivunjwa mwaka 2015 bila kurusha roketi hata moja. Mwaka 2019 Brazili ilitia saini mkataba na Marekani kuhusu matumizi ya kituo, na hofu ya kuhamishwa ikarudi upya, bila watu hawa kushauriwa kwanza, ingawa Brazili imeridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani unaodai mashauriano hayo.

Nimelala hapa usiku mbili kwa sababu siku ya kwanza ilitosha tu kuonyeshwa, na nilitaka kufanya kazi pamoja nao. Jumamosi ilikuwa siku ya unga. Katika banda la unga mihogo iliyomenywa na kuparuzwa hushindiliwa ndani ya tapiti, ambayo ni kifumbu kirefu kama cha kukamulia tui, isipokuwa hiki hufika kimo cha mtu na huning'inizwa juu. Huvutwa chini kwa mti mzito, nacho hurefuka na kubana, maji ya sumu yakitiririka hadi chicha ikauke. Baada ya hapo huchekechwa, kisha hukaangwa juu ya bapa kubwa la moto, mtu akigeuza kwa kafi ya mbao bila kupumzika, maana ukiacha kidogo unga unaungua na kazi ya siku inaharibika. Wakaangaji walipokezana. Mimi niliachiwa kumenya.

Banda hilo si la mtu mmoja. Katikati ya kazi alifika kijana kwa pikipiki akitokea kijiji cha ndani, akiwa na babasu zilizokwisha kupasuliwa, na akaondoka na samaki waliokaushwa. Hakuna fedha iliyotoka mfukoni. Nilipouliza bei, walinitazama kwa upole, wakanieleza kwamba familia yake na ya mwenye samaki zimekuwa zikipeana tangu zamani, na kwamba bahari inapochafuka, ni Mamuna ndiyo itakayokwenda kule kutafuta chakula. Vivyo hivyo udongo wa vyungu, mbao za mashua, makuti, mitishamba na wacheza ngoma ya tambor de crioula wa sherehe ya mtakatifu: kila kijiji kina kitu ambacho kingine hakina, na vyote hupita katika njia za miguu ambazo kila moja ina jina.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali nililokuja nalo. Ukihamisha vijiji vya ufukweni, vya ndani vinakosa samaki hata kama hakuna aliyegusa nyumba zao. Ukiweka uzio katikati, pande zote mbili zinapungukiwa. Ndiyo maana pendekezo la kuwaachia maeneo madogo madogo yaliyozungukwa na kituo halikuwa na maana kwao: kinacholisha watu hapa ni mwendo kati ya mahali na mahali, na mwendo huo hauwezi kupimwa kwa kiwanja. Amri ya mwaka 2003 imelielewa jambo hilo vizuri kuliko wanasiasa wengi, kwani inaagiza hati ya kilombo itolewe kwa jina la jumuiya, isigawanywe, isiuzwe na isikamatwe kwa ajili ya deni. Nimesikia watu wenye nia njema, hata katika nchi zetu, wakisema hati ya pamoja humfunga maskini asiweze kukopa benki. Natamani wangekaa asubuhi moja katika banda la unga la Mamuna kabla ya kurudia hoja hiyo, wakajiuliza ni benki gani iliyowalisha watu hawa katika miaka yote ambayo dola liliwasahau.

Jumapili, Liberdade

Nimerudi São Luís kwa boti ya asubuhi, nikaenda moja kwa moja mtaa wa Liberdade, ambao pamoja na mitaa jirani ulipata cheti cha kutambuliwa kuwa kilombo cha mjini mwaka 2019 kutoka kwa Fundação Palmares, taasisi ya serikali inayoshughulikia utamaduni wa Waafrika-Wabrazili. Sehemu kubwa ya wakazi wake walitoka Alcântara na wilaya jirani. Mzee wa agrovila alikuwa amenipa mfuko wa unga niupeleke kwa binti yake anayeishi hapa, nami niliukabidhi mlangoni.

Mazungumzo yalikuwa ya mambo ya sasa. Katika kikao cha mahakama kilichofanyika Santiago, Chile, mwezi Aprili 2023, dola la Brazili liliomba radhi rasmi kwa jamii za Alcântara. Septemba 2024 Rais Lula alikwenda Alcântara, na makubaliano yakatiwa saini: kituo kibaki na eneo kinalolitumia, kisipanuliwe, na hekta 78,105 ziendelee kwenye hatua za kupewa hati. Hukumu ikaja juu ya hayo, na sasa utekelezaji wake si hisani ya serikali yoyote iliyoko madarakani. Lakini binti yule, ambaye hufuatilia kila mkutano, alisema watu wake wamejifunza kutofautisha sherehe ya kutia saini na karatasi iliyosajiliwa. Aliwataja pia waliouawa kwa ajili ya ardhi katika majimbo mengine, hasa Mãe Bernadete Pacífico, kiongozi wa kilombo cha Pitanga dos Palmares katika jimbo la Bahia, aliyepigwa risasi nyumbani kwake Agosti 2023, akiwa bado anadai haki kwa ajili ya mwanawe aliyeuawa mwaka 2017.

Nilimuuliza kama angerudi. Alizaliwa agrovila, hajawahi kuishi ufukweni, lakini aliweza kunitajia nyumba za kijiji cha baba yake kwa mpangilio uleule niliousikia Alhamisi, kuanzia kwenye mkono wa mto. Alisema hati itatolewa kwa jina la jumuiya, na jumuiya ndiyo itakayolazimika kuamua mambo ambayo mahakama haikuyaamua: wanaoishi Liberdade wahesabiwe vipi, walio katika agrovila wapewe nafasi gani kwenye ardhi ambayo haijachoka, na ni nani atakayetangulia kulima. Wameshaanza kuyajadili. Mkutano unaofuata utafanyika upande wa pili wa ghuba, na yeye atavuka na wenzake wa mtaa huu ili wasiamuliwe mambo wakiwa hawapo.